Radi imeua tundu la mtandao: ninunue kompyuta nyingine au kadi?

*"Nina steshenari hapa Lindi mjini. Kazi zangu nyingi ni za mtandaoni: kuwajazia watu fomu, maombi ya vyuo na mikopo, kupakua na kuchapa. Natumia kompyuta moja ya mezani, ya mtumba, ile nyembamba inayolazwa chini ya kioo. Intaneti inatoka kwenye antena iliyo juu ya paa, waya unashuka hadi kwenye ruta, halafu waya mwingine unatoka kwenye ruta kuja kwenye kompyuta. Wiki iliyopita ilipiga radi usiku. Asubuhi kompyuta iliwaka vizuri ila intaneti hakuna, na vile vitaa vya pale waya unapochomekwa haviwaki. Simu zetu zinapata Wi-Fi kama kawaida. Fundi wa kwanza kasema mazabodi imekufa, ninunue mashine nyingine kwa laki tatu na nusu. Kijana wa jirani anasema ninunue kadi ya mtandao nipachike mwenyewe, tena nikichukua ya gigabiti intaneti itakimbia zaidi. Mwingine anasema kadi za kupachika zimepitwa na wakati, nichukue kile cha USB. Mimi naogopa kufungua mashine nisije nikaimaliza kabisa. Nifanye nini?"*

Usinunue kompyuta nyingine. Kadi nayo usiinunue bado. Kuna vipimo vichache vya bure vinavyotangulia, na kimojawapo huenda kikakurudishia mtandao leo hii kabla hujafungua skrubu hata moja.

Nianze na fundi wako wa kwanza, maana kauli yake ndiyo iliyokutia hofu. Mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya kompyuta, ikishakufa haikuruhusu uwashe mashine, uingie kwenye Windows, uandike barua na kuitoa kwenye printa. Yako inafanya yote hayo. Kilichokufa, kama kweli kimekufa, ni kijisehemu kimoja tu cha hiyo mazabodi: chipu ndogo, saizi ya ukucha, iliyokaa karibu na tundu la waya wa mtandao na ambayo haina kazi nyingine zaidi ya mtandao wa waya. Kuitupa mashine kwa ajili hiyo ni kulitelekeza jahazi ufukweni kwa sababu pondo limevunjika.

Inakuwaje radi iue chipu hiyo na kuacha mengine? Kati ya tundu na chipu kuna vitransfoma vidogo sana. Waya wa upande wa nje haugusani na waya wa upande wa ndani. Ishara huvuka kwa nguvu ya sumaku. Viwango vinavyofuatwa na watengenezaji vinataka kizuizi hicho kihimili volti 1500 kwa dakika nzima, na siku nyingi ndicho kimekuokoa bila wewe kujua. Lakini radi si lazima ipige paa lako ndipo ikudhuru. Ikipiga mnazi wa mtaa wa pili, mshtuko wake hewani huamsha umeme ndani ya waya wowote mrefu ulio karibu, na waya unaoshuka kutoka kwenye antena ni mrefu. Msukumo ukizidi uwezo wa vile vitransfoma, unaruka, na cha kwanza kukutana nao upande wa pili ni chipu ya mtandao. Mara nyingi huungua yenyewe na mambo yakaishia hapo. Nasema mara nyingi, si mara zote.

Sasa vipimo. Cha kwanza watu hukidharau kwa kuwa kinaonekana cha kitoto. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, chomoa na ule wa mtandao. Bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie kama nusu dakika, kisha iache mashine ikae robo saa. Sababu ni kwamba kompyuta ya mezani ukiizima haizimiki yote. Pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, huendelea kutoa volti 5 za akiba, na chipu ya mtandao ni miongoni mwa vinavyokula umeme huo ili mashine iweze kuamshwa kupitia mtandao. Chipu iliyopata mshtuko mdogo huweza kuganda badala ya kufa, na kwa kuwa haikosi umeme hata usiku wa manane, itabaki imeganda hivyo hivyo kila ukizima na kuwasha. Kama umeme ulishakatika kwa saa kadhaa mtaani kwenu tangu siku ile, basi kipimo hiki umeshafanyiwa bila kuomba, isipokuwa kama kompyuta iko kwenye UPS, ile betri ya akiba.

Cha pili kinahusu vitaa. Kitaa cha tundu la mtandao huwaka pale ncha mbili za waya zinapotambuana. Kisipowaka, kosa linaweza kuwa kwenye kompyuta, kwenye waya au kwenye ruta. Wewe umeiondoa ruta kwenye orodha ya washukiwa kwa kuwa simu zinapata Wi-Fi. Usiiondoe mapema hivyo. Matundu ya nyuma ya ruta yana vitransfoma vyake na njia yake, na radi inaweza kuua tundu moja, au yote, Wi-Fi ikabaki nzima. Hamishia waya kwenye tundu jingine la ruta. Badilisha waya wenyewe. Halafu azima laptopu yenye tundu la mtandao (tafuta ya zamani kidogo, nyembamba za siku hizi nyingi hazinalo), izime Wi-Fi yake, ichomeke waya uleule kwenye tundu lilelile la ruta. Laptopu ikipata mtandao, kompyuta yako ndiyo mgonjwa. Ikikosa, umeshaokoa hela ya kadi, na wa kutibiwa ni ruta au waya.

Hapohapo mulika ndani ya tundu la kompyuta kwa tochi ya simu. Viwaya vinane vilivyomo vinatakiwa kung'aa na kulala sambamba. Kwa ninyi mnaokaa na bahari mlangoni, Lindi, Mikindani, Kilwa, hewa ina chumvi, na chumvi hula shaba iliyo wazi. Ukiona ukijani au viwaya vilivyoparamiana, huenda radi inasingiziwa. Ukijani huo husuguliwa kwa mswaki laini uliochovywa spiriti, mashine ikiwa imechomolewa umeme. Msasa usithubutu, utaondoa dhahabu iliyopakwa juu na kutu itarudi kwa kasi zaidi.

Kipimo cha tatu nakitaja kwa sababu una antena. Mahali fulani kati ya antena na ruta kuna kiboksi kinachochomekwa kwenye umeme, chenye matundu mawili yanayofanana kabisa: moja limeandikwa POE, jingine LAN. Kazi yake ni kupandisha umeme, mara nyingi volti 24, hadi kwenye antena kupitia waya uleule wa mtandao. Tundu la POE ni la waya wa antena, la LAN ni la ruta. Aina rahisi ya viboksi hivi haipimi kwanza ni kifaa gani kimechomekwa. Inatoa umeme muda wote. Mtu akichomoa nyaya zote kutafuta kosa na kuzirudisha kinyume, au akaamua "kujaribu" kompyuta moja kwa moja kwenye kiboksi, volti hizo zinaweza kuingia kwenye tundu lisilozitegemea na kuliunguza. Je, asubuhi ile baada ya radi kuna aliyechezea nyaya hizo kabla ya vitaa kuzimika? Muulize msaidizi wako kwa upole, bila kumtafutia kesi. Vyovyote iwavyo, hakikisha nyaya ziko mahali pake kabla kadi mpya haijachomekwa, la sivyo utaiua ndani ya dakika ya kwanza.

Cha mwisho, iulize kompyuta yenyewe. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Device Manager, fungua mstari wa Network adapters. Jina la chipu ya waya likiwa limetoweka kabisa, chipu haijibu tena. Likiwepo bila alama ya onyo ila vitaa haviwaki hata kwa waya mzima, chipu imebaki hai upande wa ndani na imekufa upande wa nje, jina linakudanganya. Likiwepo na alama ya mshangao ya njano, huenda ni draiva tu, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na chipu, na hiyo hutibika bila kununua kitu.

Wakati unayafanya yote haya, biashara isisimame. Unganisha simu yako na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kipengele cha kushirikisha intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama vile ni kadi ya mtandao. Bando litaliwa, lakini mteja wa maombi ya mkopo hatarudishwa.

Tuseme vipimo vyote vimeihukumu kompyuta. Hapo kijana wa jirani yuko sahihi kuhusu kadi, ila kuhusu kasi amekosea. Gigabiti ni megabiti 1000 kwa sekunde, na hiyo ni kasi ya kipande cha njia kati ya kompyuta na ruta. Kinachoingia kutoka nje kinapangwa na kifurushi unacholipia pamoja na hali ya antena. Kama unalipia megabiti 20, kadi ya megabiti 100 itakupa 20 na ya 1000 itakupa 20 zilezile. Tofauti utaiona siku utakapokuwa na kompyuta mbili dukani na kuhamisha mafaili makubwa baina yao. Hata hivyo nunua ya gigabiti, kwa kuwa kadi mpya nyingi ndivyo zilivyo na bei haitofautiani kwa maana. Ukipewa bure ya zamani ya 100 inayoingia kwenye mashine yako, ichukue bila kinyongo. Jambo dogo la kukumbuka: megabiti 100 hutumia nyaya nne tu kati ya nane zilizomo ndani ya kebo, gigabiti huzitaka zote nane. Kwa hiyo kadi mpya ikijitambulisha kwa 100 badala ya 1000, shuku kebo au kichwa chake kabla ya kumlaumu muuzaji.

Hela za watu hupotea kwenye kuchagua umbo. Lindi mara nyingi kadi itabidi uagize Dar, ije kwa basi, zaidi ya kilomita 400, na kuirudisha ni gharama nyingine. Ndiyo maana nataka ufungue kava la kompyuta *kabla* ya kuagiza, uangalie sloti ulizonazo, yaani nafasi za kupachikia kadi kwenye mazabodi. Kuna familia mbili zisizoingiliana. Ya zamani ni PCI, iliyoanza miaka ya 1990: sloti ndefu, kama sentimita 8.5, mara nyingi nyeupe. Iliyofuata ni PCI Express, ambayo huja kwa urefu tofauti: iliyo fupi kabisa ina sentimita 2.5 tu, na ndefu kabisa, ile ya kadi za picha, inakaribia sentimita 9. Kadi nyingi za mtandao za kawaida ni za ile fupi ya PCI Express, na uzuri wake ni kwamba kadi fupi inakubali kukaa hata kwenye sloti ndefu ya familia yake. Sehemu inayobaki wazi haina madhara. Lakini kadi ya PCI Express haiingii kwenye PCI wala ya PCI haiingii kwenye PCI Express, hata ukisukuma vipi. Weka rula kando ya sloti, piga picha, mtumie muuzaji kwa WhatsApp. Muuzaji anayejua kazi atakujibu kwa picha ya kadi.

Halafu kibati. Hili ndilo litakalokuhusu zaidi, kwa kuwa mashine yako ni nyembamba. Kadi hushikiliwa nyuma ya kasha kwa kibati cha chuma. Cha kawaida kina urefu wa sentimita 12 hivi, cha mashine nyembamba kama sentimita 8. Ukiletewa kadi yenye kibati kirefu, kava halitafungika. Kadi nzuri huja na vibati viwili ndani ya boksi, unafungua skrubu mbili na kubadilisha. Uliza kabla ya kutuma hela. Na asikwambie mtu kwamba utaipachika bila kibati: waya wa mtandao huchomekwa, huchomolewa na hukanyagwa na wateja, na kadi isiyoshikiliwa itachezacheza kwenye sloti hadi iharibu vyote viwili.

Jina la kampuni kwenye boksi halina uzito mkubwa; tazama chipu. Zenye chipu ya Realtek ya familia ya 8111 au 8168 zinatosha sana kwa steshenari, na Windows 10, Windows 11 pamoja na Linux huzifahamu. Za Intel ni nzuri, ila zile za bei kubwa zimeghushiwa mno, na kazi yako haizihitaji. Draiva isipojiweka yenyewe, ule ujanja wa simu kwa USB utaileta.

Kuhusu hofu ya kuimaliza mashine: kadi hii ni miongoni mwa kazi rahisi kabisa ndani ya kompyuta. Unachomoa umeme, unabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, unafungua kava, unagusa chuma tupu cha kasha kwa mkono. Mguso huo ni kwa ajili ya umeme tuli wa mwilini, ambao kweli huweza kuua chipu bila wewe kuusikia. Lakini umeme tuli hustawi kwenye hewa kavu na ya baridi, na unyevunyevu wa pwani yenu ni rafiki katika hili. Usivae sweta la nailoni, usiburuze miguu kwenye zulia, shika kadi kwa kingo zake, gusa chuma tena kila unaposogea. Inatosha. Ondoa kifuniko cha nafasi utakayotumia, simamisha kadi wima juu ya sloti, kandamiza kwa nguvu sawa pande zote mbili hadi meno ya dhahabu yazame yasionekane. Kisha kaza skrubu, na baada ya kukaza *angalia tena*: kibati kilichopinda kidogo huinua mkia wa kadi pale skrubu inapovuta, na kadi iliyoinuka nusu milimita huonekana leo na kupotea kesho. Ukiiona imeinuka, toa skrubu, nyoosha kibati, rudia.

Ukiwasha, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijaanza (kwa Dell mara nyingi ni F2, kwa HP ni F10), ulizime lile tundu la zamani. Chipu iliyokufa nusu huweza kuchelewesha mashine kuwaka au kuichanganya Windows. Tundu lenyewe lizibe kwa kipande cha selotepu, maana mkono wa msaidizi wako umeshalizoea. Na ujue kadi mpya ina anwani yake mpya ya kuzaliwa, tofauti na ya chipu ya zamani. Kama kompyuta ilikuwa imepewa namba maalumu kwenye ruta ili printa au simu ziione, mpangilio huo utaurudia. Na vitaa vikiwaka lakini kompyuta ikajipa namba inayoanza na 169.254, kadi ni nzima. Ruta ndiyo haijaigawia namba. Zima ruta na kuiwasha kabla ya kuanza kufungua tena kava.

Sasa aliyekuambia kadi zimepitwa na wakati. Hazijapitwa, ila cha USB nacho si cha kubezwa. Kuna mashine, zile ndogo saizi ya kitabu, ambazo hazina sloti kabisa. Hizo hazina chaguo. Cha USB 3 chenye chipu nzuri kitafanya kazi yako yote, na hakuna kava la kufungua. Kasoro zake ni mbili. Kinaning'inia nyuma ya mashine kwenye duka lenye watu wengi, na kikigongwa mara moja mbili tundu la USB hulegea. Ya pili ni kwamba soko limejaa vya bei ya chee ambavyo ndani ni USB ya kizazi cha kwanza, isiyovuka megabiti 12 kwa sekunde hata boksi liandikwe nini. Ukiona bei inakushangaza, kiache.

Kuna na njia ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia: kipokezi kidogo cha Wi-Fi cha USB. Ruta yako inarusha Wi-Fi tayari na simu zinaipata. Kasi yake hupanda na kushuka, na kama duka liko kwenye nyumba ya kale ya mawe yenye kuta nene, au ruta iko chumba cha tatu, utaapa. Lakini ina sifa moja ambayo kadi haina: inaondoa kabisa chuma kati ya kompyuta na ile antena. Radi ikishuka na waya, itaishia kwenye ruta. Ningekuwa na duka ambalo mtu wa kuchomoa nyaya jioni hayuko, ningechagua hiyo hata kama ni polepole. Wewe uliyeko dukani kila siku, na una kazi za watu zenye tarehe za mwisho, ningekuwekea kadi, kwa sharti la hapa chini.

Sharti ni kwamba kadi mpya inakaa mwisho wa waya uleule ulioiua ya kwanza. Haina kinga zaidi ya iliyotangulia. Kwenu mvua za msimu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo hesabu miezi hiyo yote. Watu wengi wakisikia ngurumo huchomoa waya wa umeme na kujiona wamemaliza, kumbe waya wa mtandao umebaki umechomekwa, na huo ndio ulioleta maafa wiki iliyopita. Jioni ukifunga duka chomoa vyote viwili kwenye kompyuta, na kile kiboksi cha antena ukichomoe umeme *na* waya wa kupanda juu. Wingu likitanda mchana, vivyo hivyo. Lakini ngurumo ikiwa tayari iko juu ya kichwa usianze kushikashika nyaya za antena. Kompyuta nyingine hununuliwa.

Ekstensheni nyingi zenye kinga ya umeme hulinda njia ya umeme tu, hazijui habari za waya wa mtandao. Vipo vizuizi vya radi vya kuwekwa kwenye waya wa mtandao wenyewe, navyo ni vizuri, ila hufanya kazi kwa kuutupa msukumo ardhini. Pasipo waya wa ardhi wa kweli ni mapambo. Na hapa ndipo nina mashaka na majengo mengi ya biashara: tundu la tatu la soketi lipo, nyuma yake hakuna kitu. Dalili moja unaweza kuipata bila kifaa chochote. Ukigusa chuma cha kasha la kompyuta miguu ikiwa peku ukahisi kama chungu wanatembea kwenye vidole, soketi yako haina ardhi. Usiizoee.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo sitaki ulifanye mwenyewe wala kijana wa jirani asilifanye. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ardhi ya jengo, aunge na mlingoti wa antena kwenye ardhi hiyohiyo moja. Ardhi mbili zisizounganishwa, ya nyumba peke yake na ya antena peke yake, ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu radi ikipiga karibu zinakuwa na volti tofauti na njia fupi ya kuzisawazisha ni kupitia ruta na kompyuta yako.

Mpelekee fundi wa kompyuta mashine yenyewe, uso kwa uso, ukikuta mojawapo ya haya: harufu ya kuungua au alama nyeusi ukifungua kava, vikopo vidogo vya mviringo kwenye mazabodi vilivyovimba kichwani au kuvuja, mashine inayozimika papo hapo ukiwasha na kadi ikiwemo, lakini inawaka ukiitoa, na hali ni ileile hata kwenye sloti nyingine, au, tangu usiku ule wa radi, matundu ya USB nayo yameanza kukatakata. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, maana inaonyesha msukumo haukuishia kwenye chipu ya mtandao. Hapo kauli ya fundi wako wa kwanza itaanza kuwa na mashiko, na kabla ya kutumia hela kwenye kadi, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje siku hiyohiyo.

Ukienda kwake usimwambie "mazabodi imekufa". Mwambie ulivyopima: waya huu na tundu hili la ruta vinafanya kazi kwa laptopu, nimeiacha bila umeme robo saa, Device Manager inaonyesha hivi. Fundi mzuri ataanzia hapo ulipoishia. Akikataa kusikiliza na kurudia palepale pa laki tatu na nusu, omba mashine yako uende kwa mwingine.